Neno 'karate' lilikuwa na mkono wa China kabla ya kuwa mtupu

FASILI ya neno 'karate' tunayoifahamu wengi ni fupi na haina matata: ni sanaa ya Kijapani ya kujihami bila silaha, 'kara' ikiwa ni 'tupu' na 'te' ikiwa ni 'mkono'. Utaisikia kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, utaisikia kwa mtangazaji wa michezo, na mtoto wa darasa la sita atakukaririia bila kupepesa macho. Mimi nina ugomvi nayo. Si kwamba ni ya uongo. Ni ya kweli, ila ukweli wake una umri wa miaka chini ya mia moja, na uliandikwa juu ya ukweli mwingine uliokuwapo kabla yake.

Tuanze na sauti. Kiswahili kina maneno yanayotamkwa sawa na kumaanisha mambo tofauti. 'Kata' ni kitenzi cha kisu, ni chombo cha kutekea maji mtungini, ni eneo la utawala, na ni ule mviringo wa nguo unaowekwa kichwani kabla ya kujitwika mzigo. Sisi maneno hayo yote tunayaandika sawa, kisha muktadha unatusaidia. Kijapani kina maneno ya aina hiyo kwa wingi wa kutisha, lakini maandishi yake huyatenganisha, kwa sababu alama za kanji, zilizotoka China, hubeba maana wala si sauti pekee. Sauti 'kara' inaweza kuandikwa kwa alama ya utupu, ambayo pia ndiyo alama ya anga. Inaweza vilevile kuandikwa kwa alama ya Tang, jina la ukoo uliotawala China tangu mwaka wa 618 hadi 907. Ukoo ule ulipoanguka, jina lake halikuanguka nao. Japani na katika visiwa vya kusini yake, 'Tang' lilibaki kuwa namna ya kusema 'China', na hata 'ugenini ng'ambo ya bahari'.

Sasa basi, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 neno 'karate' liliandikwa kwa alama ya Tang. Maana yake ilikuwa 'mkono wa China'. Alama ya utupu ilikuja baadaye, na kwa kuwa zote mbili husomwa 'kara', hakuna sikio lililohisi badiliko lolote. Neno lilibadilishwa kwa kalamu pekee. Sisi tuliolipokea kwa sauti, kupitia Kiingereza na sinema, tungelijuaje hilo?

Ushahidi wa jina la zamani haujafichika mbali. Wakorea wana mchezo uitwao tangsudo. Zisome alama zile zile za zamani kwa matamshi ya Kikorea, ukiongeza ile ya 'njia' mwishoni, utapata neno hilo hilo: njia ya mkono wa Tang. Jina lililofutwa Japani bado linaishi kwa jirani.

Hata 'Kijapani' katika fasili yetu kunahitaji kushikwa kwa uangalifu. Karate ilikulia Okinawa, kisiwa kikubwa cha Ryukyu, na Ryukyu ulikuwa ufalme wenye mfalme wake, kasri lake la Shuri na lugha yake. Tangu mwaka wa 1372 ufalme huo ulikuwa ukipeleka ushuru wa heshima kwa wafalme wa China, na kwa njia hiyo ukafanya biashara, ukapeleka wanafunzi na kupokea wajumbe. Katika mtaa wa Kume mjini Naha waliishi wazawa wa Wachina waliotoka mkoa wa Fujian. Mwaka wa 1609 jeshi la Satsuma kutoka kusini mwa Japani liliivamia Ryukyu, lakini mfalme aliachwa kwenye kiti chake na safari za China zikaendelea. Japani iliufuta ufalme wenyewe mwaka wa 1879 na kuufanya kuwa mkoa wake. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akifundisha mapigano haya Shuri mwaka wa 1870 hakuwa akifundisha kitu cha Kijapani kwa maana yoyote ambayo yeye mwenyewe angeielewa.

Hapa niseme neno kuhusu hadithi ambayo huenda umeisikia: eti wakulima wa Okinawa walinyang'anywa silaha, wakabuni karate gizani ili wawakabili wavamizi wenye mapanga. Ni hadithi tamu, inamfurahisha kila mtu aliyewahi kuonewa. Lakini majina tuliyonayo hayaipi nguvu. Matsumura Sokon, ambaye mikondo mingi ya Shuri humrejelea, alikuwa mlinzi wa wafalme. Mwanafunzi wake Itosu Anko alikuwa karani katika serikali ya ufalme. Higaonna Kanryo wa Naha alisafiri hadi Fuzhou, mji wa Fujian, akajifunza huko katika karne ya 19, na mwanafunzi wake Miyagi Chojun akaufuata mji huo huo mwaka wa 1915. Hao ni watu wa kasri na watu wa bandari. Mkulima hakuwa na nauli ya kwenda China.

Wenyewe wa Okinawa mara nyingi waliuita ujuzi huu 'ti' tu, yaani 'mkono'. Lugha yao, Uchinaaguchi, hupandisha irabu: palipo na 'e' kwa Kijapani pana 'i' kwao, na palipo na 'o' pana 'u'. Ndiyo maana 'te' ya Tokyo ni 'ti' ya Naha. (Kwa bahati tu, Mkenya anayetamka 'karati' kwa kuiga Kiingereza anaishia kwenye irabu ya Okinawa bila kujua.) Palikuwa na ti ya Shuri, ti ya Naha na ti ya Tomari, kama vile sisi tungesema ngoma ya Lamu na ngoma ya Mvita. Na palipohitajika kutaja asili ya ng'ambo, walisema 'tudi', mkono wa Tang.

Kilichofuata baada ya 1879 kitamgusa msomaji wa Kenya mahali panapouma. Serikali mpya iliita Uchinaaguchi lahaja, si lugha, ikaipiga marufuku shuleni. Mtoto aliyeteleza akaongea lugha ya mamake alivishwa kibao shingoni, na kibao hicho hakikumtoka mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza vilevile. Wangapi kati yetu hawakijui kibao hicho? Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza namna kilivyotumika katika shule za ukoloni nchini mwetu, na waliosoma miaka mingi baada ya uhuru walikijua bado. Watu wawili wa mabara mawili, ambao hawakuwahi kuonana, walivumbua adhabu moja. Mwaka wa 2009 UNESCO iliitaja lugha ya Okinawa kuwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka.

Katika shule hizo hizo ndimo karate ilimoingia. Itosu alianza kuifundisha katika shule ya msingi mjini Shuri mwaka wa 1901, na mwaka wa 1908 akawaandikia wakubwa wa elimu barua yenye mafunzo kumi. Naipenda barua hiyo kwa namna inavyoanza. Itosu anatanguliza kwamba karate haikutokana na dini ya Kibudha wala mafundisho ya Confucius. Anasema ililetwa kutoka China. Anataja hata majina ya mikondo miwili iliyoletwa. Hakuwa na haya, na hakuona kwamba kukiri kukopa kunampunguzia kitu. Lakini barua ile ile inaahidi kwamba vijana wakifunzwa karate watalifaa taifa kwa uanajeshi. Mzee alijua nani atakayeisoma.

Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kwa kazi, alifika Tokyo mwaka wa 1922 kuionyesha sanaa hii, na Kano Jigoro, mwasisi wa judo, akamkaribisha katika ukumbi wake. Funakoshi hakurudi kwao. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka huo, bado kiliandika karate kwa alama ya Tang na kuitaja Ryukyu katika jina lake. Kile cha mwaka wa 1935, Karate-do Kyohan, kimebadilika: utupu umeingia, na nyuma yake kumefungwa 'do', yaani 'njia' (watu wa Mvita wangesema 'ndia'), ili karate ikae safu moja na judo na kendo. Katikati ya vitabu hivyo viwili karate ilikuwa imevaa nguo nyeupe za judo na kuchukua mikanda ya judo, na mwaka wa 1933 ikatambuliwa na chama kikuu cha sanaa za kivita za Japani.

Funakoshi hakuwa wa kwanza kuutumia utupu. Hanashiro Chomo, naye mwanafunzi wa Itosu, alikuwa ameiandika hivyo mwaka wa 1905. Lakini wazo la mtu mmoja katika daftari lake si sawa na uamuzi wa jumuiya. Uamuzi huo ulikuja tarehe 25 Oktoba 1936, mjini Naha, katika mkutano ulioitishwa na gazeti la Ryukyu Shimpo. (Mwandishi wa safu ya lugha gazetini hawezi kupita hapo bila kutabasamu.) Miyagi alikuwapo, Hanashiro alikuwapo, na mabingwa wengine wenye majina. Walizungumza, wakakubaliana kwamba alama ya utupu ndiyo itumike. Siku hiyo sasa huadhimishwa Okinawa kama Siku ya Karate.

Miezi tisa baadaye, Julai 1937, Japani iliingia katika vita vikubwa na China.

Sitaki kudai kwamba kila aliyeketi mkutanoni pale alikuwa na vita moyoni. Funakoshi mwenyewe alitoa sababu mbili, nami naziamini zote. Moja, jina la zamani lilifanya watu wadhani karate ni ndondi za Kichina tu, ilhali kwa maoni yake ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine. Pili, utupu katika Ubudha si ukosefu. Ni hali ya moyo usiokamatwa na hasira wala hila, na mtu anayejifunza kupiga anahitaji moyo wa namna hiyo kuliko anavyohitaji ngumi. Ni hoja nzuri. Lakini mwalimu wake, miaka 27 kabla, alikuwa ameanza barua yake kwa kusema kwamba karate haikutoka katika Ubudha. Na hoja nzuri ikitolewa katika nchi ambamo neno 'China' linazidi kuwa neno baya, lazima tuulize kwa nini ilikubalika wakati ule na si miaka thelathini nyuma.

Jina la sanaa halikubadilika peke yake. Kuna mfululizo wa miondoko uliokuwa ukiitwa Kushanku, jina linalohusishwa na mjumbe wa China. Funakoshi aliugeuza ukawa Kanku, 'kulitazama anga', kwa alama ile ile ya utupu. Pinan, yenye ladha ya matamshi ya Kichina, ikawa Heian: alama ni zile zile, matamshi ndiyo yaliyofanywa ya Kijapani. Naihanchi ikawa Tekki. Hizi zote huitwa 'kata', na kata hii, tafadhali, haihusiani na ya mtungi. Anayejifunza Nairobi au Nakuru leo katika mkondo wa Shotokan anahesabu Heian ya kwanza hadi ya tano, na hakuna kinachomwambia kwamba anatamka marekebisho.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa tumelipata kinyume chake. Jina la lugha yetu linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na kwa msingi huo wapo waliotaka kutuaminisha kwamba lugha yenyewe ni ya Kiarabu, kana kwamba ngeli na vitenzi vyake si vya Kibantu. Kwetu jina lilitumiwa kukuza deni. Kwa karate jina lilitumiwa kufuta deni. Wanaosema "angalia neno lenyewe, si linaonyesha asili?" wanakosea pande zote mbili.

Turudi kwenye tafsiri, kwa sababu hata huo utupu tumeupokea vibaya. 'Mkono mtupu' kwa Kiswahili una sifa mbaya. Mkono mtupu haulambwi, twasema. Mgeni akija mikono mitupu, watoto wanarudi ndani. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba karate ni 'mkono mtupu' anasikia upungufu: mtu huyu hana rungu, hana panga, basi anajitahidi na alicho nacho. Funakoshi hakukusudia hayo hata kidogo. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina uwezo wa kumwelewa, tukiligeuza neno kidogo. '-tupu' si 'bila kitu' tu. Tunaposema 'uongo mtupu' hatumaanishi uongo uliokosa kitu. Tunamaanisha uongo na si kingine. 'Ugali mtupu' ni ugali bila mboga, lakini 'furaha tupu' ni furaha iliyojaa hadi ukingoni. Anayefundisha karate kwa Kiswahili angeweza kusimama kwenye maana hiyo: mkono mtupu, yaani mkono na si kitu kingine ila mkono. Sijamsikia anayefanya hivyo. Wengi husema 'bila silaha', wakaendelea kuhesabu ngumi.

Mkanganyiko wa mitaani nao una historia yake. Katika vibanda vya video tulivyokulia, kila mtu aliyeruka hewani na kupiga teke alikuwa 'anapiga karate', na bingwa wa karate hiyo alikuwa Bruce Lee. Bruce Lee alizaliwa San Francisco, akalelewa Hong Kong na kujifunza wing chun kwa Yip Man. Hiyo ni sanaa ya Kichina. Halafu kuna filamu ya mwaka wa 1984, The Karate Kid, ambayo ilikuwa na adabu ya kumfanya mwalimu wake, Bwana Miyagi, kuwa mtu wa Okinawa. Ilipotengenezwa upya mwaka wa 2010 hadithi ilihamishiwa Beijing, mtoto akafundishwa kung fu na Jackie Chan tangu mwanzo hadi mwisho, na filamu bado ikaitwa The Karate Kid. China kwenyewe waliibadilisha jina, wakaiita ndoto ya kung fu. Neno lililotolewa China kwa kalamu mwaka wa 1936 lilikuwa limerudishwa China na Hollywood kwa uzembe, na Wachina wakalirudisha lilikotoka.

Mwaka wa 2021, katika Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa kwa ajili ya korona, karate iliingia kwa mara ya kwanza. (Paris mwaka wa 2024 haikuwamo.) Dhahabu ya kata kwa wanaume ilikwenda kwa Kiyuna Ryo, mzaliwa wa Okinawa, akiwa mtu wa kwanza wa mkoa huo kushinda dhahabu ya Olimpiki. Alipanda jukwaani na picha ya marehemu mamake. Vyombo vingi vya habari vilitangaza kwamba Japani imeshinda katika mchezo wake wa jadi. Ilikuwa sahihi kwa hesabu ya nishani.

Sasa anayetunga kamusi afanye nini? Nafasi ni ndogo, najua; mwanaleksikografia hawezi kuandika haya yote kando ya neno moja. Lakini maneno machache yanatosha: karate, nomino, i-/zi-, sanaa ya kujihami kwa mikono na miguu, iliyokulia Okinawa kutokana na mapigano ya huko na ya China, ikaenezwa duniani kupitia Japani. Hapo hakuna aliyeibiwa. Ningependelea 'sanaa ya kujihami' kuliko 'mchezo wa kupigana', ingawa 'kucheza karate' limekwisha kuota mizizi na sioni haja ya kuling'oa. Tunacheza ngoma pia, na ngoma si mzaha. 'Kupiga karate' niwaachie watoto wa vibanda vya video. Matamshi yabaki kama yanavyoandikwa, mkazo kwenye 'ra' na 'e' ikisikika mwishoni, maana Kijapani na Kiswahili vina irabu tano zile zile na silabi zilizo wazi, na hatuna sababu ya kupitia London ili kulifikia neno ambalo midomo yetu inaliweza tayari. Na anayecheza? Wapo wanaotumia 'karateka', neno la Kijapani lililo tayari, na wapo wanaosema 'mwanakarate'. Mimi nachagua la pili, kwa kuwa wingi wake unajulikana bila kuuliza mtu.